Ninaombwa Nirudi Nami Sijaondoka

Kizito Ndayisenga,
Fundi cherehani, barazani kwake,
Kasenga, Uvira.

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Redio,
Uvira.

Yahusu: Wimbo unaonisihi nirudi nyumbani, ilhali niko nyumbani.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazoistahili ofisi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na redio umeizima, maana ukiiwasha tu utasikia habari zangu, nazo si za kweli.

Mimi ni mume wa Noella. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi mtu akisema mjini hapa kwamba ni mume wa Noella, anaulizwa: yule aliyetoroka? Noella ni yule yule aliyeimba miaka mingi katika orkesta ya hapa Kasenga, akisimama nyuma ya wengine pamoja na mabinti wawili, kazi yao kuitikia na kuyumba kulia na kushoto. Safari hii amesimama mbele peke yake. Ametoa wimbo wake wa kwanza wa peke yake, kile kitu ambacho mtangazaji wako Franck anakiita singo. Hakuutunga yeye. Ni wimbo wa zamani wa Wamarekani weusi, wa aina ile inayoitwa soul, ambao marehemu baba mkwe aliupenda akatuachia kaseti yake. Noella ameugeuza kwa Kiswahili na kuuimba upya.

Ni wimbo mzuri. Nalisema mapema nisije nikaambiwa ni kijicho. Katika ubeti wa pili sauti yake inapanda pole pole, inafika mahali unadhani ndipo mwisho, halafu inapanda tena. Nimeona wateja wangu wawili wakinyamaza wakiisikia, na mmoja wao alikuwa amekuja kugombana.

Lakini kiitikio chake, Ndugu Mkurugenzi, kinasema: "Rudia, Kizito, rudia." Kizito ni mimi. Nami sijaondoka.

Noella mwenyewe hayupo kunitetea. Tangu wimbo utoke ameitwa Bujumbura, anaimba hotelini. Alisema ni wiki moja. Sasa inaingia ya tatu, na huko inaonekana wanampenda. Nampigia simu, anajibu, lakini nyuma yake kuna ngoma na watu. Nilipomweleza shida zangu alicheka, na kile kicheko kikanisahaulisha nilichotaka kusema. Kwa hiyo aliyeondoka anaimba kwamba nirudi, na mimi niliyebaki nimehesabiwa kuwa mtoro. Jina langu la mume linaharibika mchana kweupe, kupitia mitambo yako. Nikiwa mtu wa utaratibu, nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba.

1. Kwamba sijaondoka.

Cherehani yangu iko barazani. Naketi hapo tangu asubuhi mpaka uzi usionekane, nikiipa barabara mgongo ili nipate mwanga, na ndiyo maana watu wa Kasenga wananijua kwa kichogo kuliko kwa uso. Hakuna mwanamume mjini hapa aliyeondoka kidogo kuliko mimi. Nikiumwa, naumwa hapo hapo. Kabla ya wimbo huu Noella alikuwa akinilalamikia kinyume chake: kwamba sitoki, kwamba mwanamume mzima, mwenye miguu yote miwili, hajawahi kwenda hata mara moja kumsikiliza mkewe akiimba mbele za watu. Ni kweli sijawahi. Nilikuwa na suruali za watu.

2. Neno lenyewe.

Hapa ndipo penye chanzo, naomba usome taratibu. Wazazi wangu walipokimbilia Tanzania mimi nilisomea Kigoma, nikaja huku na Kiswahili sanifu kichwani. Kwa Kiswahili hicho, mtu akitoka mahali akafika tena alikotoka, "amerudi". "Kurudia" ni kufanya jambo mara ya pili. Hapa Uvira, kama ujuavyo, wamegeuza kibao. Mtu akirudi wanasema "amerudia", na akifanya jambo mara ya pili wanasema "amerudilia". Nimelisahihisha kosa hili kwa wateja, kwa majirani, na kwa Padri mmoja katikati ya ubatizo. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Sasa, Noella alipokuwa akijifunza wimbo huu, mimi ndiye niliyeketi kwenye redio kaseti. Yeye anasikiliza, anaimba, anakwama, ananipigia kelele: "Rudilia, Kizito, rudilia!" Maana yake nirudishe kaseti nyuma, tuanze tena. Nikamwambia, mke wangu, katika nyumba ya mtu aliyesomea Kigoma hatusemi "rudilia". Tunasema "rudia". Akabisha. Nikaondoa kidole, nikakunja mikono, nikakataa kubonyeza mpaka aseme sawasawa. Akanitazama sana. Halafu akasema: "Rudia, Kizito, rudia." Nami nikabonyeza. Wiki nzima ikawa hivyo, yeye anasema, mimi nabonyeza, na furaha ya mwalimu imenijaa kifuani.

Kumbe yale maneno yalikuwa yanakaa kwenye ule muziki kama kifungo kwenye tundu lake. Wakati huo kiitikio cha Kiswahili kilikuwa hakijapatikana. Damien, mwalimu wa Kiingereza aliyemsaidia kutafsiri, alikuwa amemletea kiitikio kilichoanza na "hali kadhalika", na hakuna binadamu awezaye kuimba "hali kadhalika" akatoa machozi. Studio walipomsikia Noella akipasha koo na maneno yetu ya kaseti, wakasema hapo hapo, usiguse tena.

Kwa hiyo maana halisi ya wimbo ni hii: mke anamwomba mumewe arudishe kaseti nyuma. Ni wimbo wa ndoa yenye amani. Mume yupo, tena yupo karibu kabisa, na kidole chake kiko juu ya kitufe. Ila mji mzima, kwa kukosa sarufi, unasikia mwanamke aliyeachwa. Nilimfafanulia hayo jirani yangu Honorine, anayeuza maparachichi mbele ya baraza langu. Alicheka mpaka akakalia kikapu chake mwenyewe, akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikuelewa alikuwa anamsema nani.

3. Wateja.

Mama mmoja aliniletea kitenge cha harusi ya mwanawe. Alipokifungua mezani, Franck akaupiga wimbo. Mama akakikunja tena polepole. "Nikuachie kitenge, na weye uko unatoroka?" Nikamwonyesha cherehani, kiti, mto ninaokalia uliokwisha kuchukua umbo langu. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa anayedai amepona. Mwishowe alikubali nishone, kwa sharti kwamba kaka yake aketi nami mpaka sindano ya mwisho. Kaka mtu ni dereva wa pikipiki. Aliiegesha mlangoni, akaikalia, akaniangalia siku nzima. Nilipokwenda msalani alinisindikiza.

4. Watoto wa shule.

Wanapita mchana wakiimba kiitikio kwa sauti tatu. Wanaimba vizuri. Sina la kuongeza.

5. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu, Mama Capitoline, ni mkulima wa Kiliba. Aliusikia wimbo akiwa shambani, kwenye redio ya jirani. Akaacha jembe kwenye tuta, akaja na nguo alizovaa kumfariji bintiye aliyetelekezwa. Alimkuta bintiye anafunga sanduku la Bujumbura huku anacheka, nami niko chini nampigia pasi gauni la jukwaani, gauni la bluu ambalo nililishona mimi mwenyewe na kulifumua mara mbili mpaka bega likakaa. Hayo yote Mama hakuyaona. Aliona jambo moja tu, kwamba mkwe amerudi. Akashukuru Mungu kwa Kirundi, akaweka kifurushi chake chumbani, na akaamua kubaki ili nisiondoke tena.

Wewe unaijua desturi ya kwetu. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Nyumba yangu ina meza moja. Basi yeye anakula ndani kwa kuniheshimu, nami nakula barazani kwa kumheshimu, sahani ya sombe, yaani kisamvu, juu ya cherehani. Hata kuniita haniiti. Anauambia ukuta: "Kama kuko mutu pale inje, aambiwe chakula iko tayari." Nami naujibu ukuta kwamba mtu huyo amesikia na anashukuru. Mtaa mzima unapita na kuona mwanamume anayelishwa nje ya nyumba yake. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo, basi liko barazani linakula sombe.

6. Kanisa.

Jumapili moja Padri alihubiri juu ya mwana mpotevu. Sisemi alinitaja. Nasema tu kwamba alipofika kwenye maneno "alikuwa amepotea", benchi zote za mbele ziligeuka nyuma. Baada ya misa kikundi cha akina mama kikaja nyumbani kunipokea. Walileta ndizi, maharage, pombe ya kasigisi kwenye dumu, na samaki mukeke wa kuchoma. Nikawaambia kwa adabu kwamba sijatoka popote. Kiongozi wao, Mama Marie-Jeanne, akanipapasa bega: "Batoro bote banasemaka vile, mwanangu." Wakaimba. Wakaniwekea mikono kichwani. Wakanisamehe.

Ndugu Mkurugenzi, nimesamehewa. Sikuwa na kosa, lakini ule mukeke ulikuwa umechomwa na mtu anayejua, nikaona si uungwana kukataa msamaha wenye pilipili na limau.

Sikufurahia usafi wangu hata siku moja. Kesho yake asubuhi Franck akaupiga wimbo tena, na mtaa ukasema: ameondoka tena! Wakaja kuangalia. Wakanikuta. Wakasema, amerudia. Mchana ukapigwa, wakaja tena. Kwa hesabu yao sasa naitelekeza familia yangu asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya hospitali. Na Jumamosi, siku ya salamu za wasikilizaji, natoroka na kurudi mara nyingi kiasi kwamba sijui napata wapi muda wa kushona.

7. Nchi kavu na majini.

Nilipochoka, niliamua kufanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikafunga cherehani, nikavaa koti, nikaenda kumfuata Noella Bujumbura ili aje awaambie watu ukweli kwa kinywa chake. Nilifika mpakani Kavimvira nikiwa na karatasi zote. Ofisa wa mpaka akasoma jina langu. Akasoma tena. Akawaita wenzake. "Kizito? Ule wa mu wimbo? Weye uko unakimbia tena!"

Nikamweleza kwamba sikimbii, kwamba mke wangu yuko ng'ambo na mimi namfuata. Akaniambia nisimdanganye mtu wa serikali, kwani yeye mwenyewe amemsikia mke wangu asubuhi hiyo hiyo kwenye redio, yuko hapa hapa Uvira, analia. Nikamwambia ile ni sauti iliyorekodiwa. Akasema hata machozi yaliyorekodiwa ni machozi. Wabadilisha fedha wakaacha kazi wakasogea. Mmoja wao, mwanamke mzima wa kuheshimika, akanishika mkono na kuniambia kwamba mumewe pia alikuwa hivyo, lakini aliacha. Wakaniitia pikipiki, wakamwagiza dereva anifikishe mlangoni na asisimame njiani hata kama nikisema nina kiu.

Nikajaribu majini. Bandarini Kalundu kulikuwa na boti inayopakia, nikapanda, nikakaa nyuma ya magunia ya sementi nikiwa nimevaa kofia. Wapagazi wakanigundua kwa kichogo. Mmoja alianzisha kiitikio, wenzake wakakipokea huku wakipakia mizigo, na mzigo pekee ulioshushwa ulikuwa begi langu. Walilibeba mpaka barabarani bure. Muulize mtu yeyote kama wapagazi wa Kalundu wamewahi kubeba kitu bure. Nafikiri mimi ndiye raia pekee aliyefungwa ndani ya nchi yake kwa wimbo, tena wimbo wa mapenzi.

8. Akina Kizito wengine.

Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jina hili si langu peke yangu, na redio yako inasikika mbali. Wanaume wanaoitwa Kizito, ambao kweli waliwaacha wake zao, wameanza kurudi. Mmoja amerudi Mulongwe kwa mke aliyekuwa amekwisha kumsahau na kupata amani. Mwanamke huyo anaitafuta ofisi yako, nakuonya tu. Mwingine amerudi Kalundu, mkewe anaruka kwa furaha, na ameapa kwamba mtoto wao ajaye ataitwa Franck.

Wa tatu amekuja kwangu.

Alhamisi iliyopita aliteremka kwenye lori lililotoka mji wa Baraka akiwa na godoro kichwani. Akalitua barazani, akajifuta jasho, akasema amesikia mwanamke akimwita kwa jina redioni. Sura yake haikumbuki vizuri, alisema, lakini kama mwanamke huyo amemsamehe, basi na yeye amemsamehe. Nikamwambia mwanamke huyo ni mke wangu. "Na weye ni nani?" Nikamwambia mimi ni Kizito. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. "Pole, ndugu yangu. Kumbe na weye ulisikia."

Mama mkwe alimchungulia dirishani akampenda. Huyu si mkwe wake, kwa hiyo desturi haimzuii. Anakula naye ndani, mezani, kwenye kiti changu, nami nasikia wanacheka wakati nafukuza nzi kwenye sombe yangu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu nilimpa mkasi, na nasikitika kukujulisha kwamba anakata nguo vizuri, na wateja wanasema anasikiliza. Wapita njia sasa wanauliza ni Kizito yupi amerudi na ni yupi anayesubiriwa. Honorine amelitolea jambo hili maoni yake kwa sauti kubwa. Sitayaandika, kwa kuwa barua hii inaweza kusomwa na watu wenye watoto.

Baada ya kueleza hayo, Ndugu Mkurugenzi, naomba unitendee moja kati ya mambo yafuatayo.

Ama uusimamishe wimbo mpaka Noella aje ajieleze mwenyewe.

Ama jina libadilishwe. Nimejitahidi kukusaidia. Nimejaribu majina mengi hapa barazani, nikiimba kwa sauti ya chini. "Franck" ni fupi, linaacha shimo katikati ya muziki. "Capitoline" linamwagika nje. "Damien" linakaa vizuri sana, na mwalimu hana mke bado, kwa hiyo hataumia.

Ama, kama yote mawili hayawezekani, basi tufuate akili. Mji wote unanitaka nirudi. Mimi ni raia mtiifu, niko tayari kurudi hata leo. Lakini mtu harudi asikoondoka. Kwa sababu hiyo naomba redio yako inipe karatasi yenye mhuri, inayoniruhusu kuitelekeza familia yangu kwa siku chache. Nitakwenda Makobola kwa binamu yangu, ambaye amekubali kunipokea kama mtoro halali. Franck atangaze kutoroka kwangu katika habari, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya bei ya ndagala, wale dagaa wetu. Siku ya kurudi nitapita katikati ya barabara, mchana, na tarumbeta za orkesta mbele yangu. Padri awepo, ofisa wa Kavimvira awepo, wapagazi wawepo, yule kaka wa pikipiki naye awepo, wote waone kwa macho yao mguu wangu ukivuka kizingiti. Kuanzia hapo wimbo ukipigwa utakuwa ni jambo lililokwisha kutimia, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuja kunihesabu. Nitakapokuwa nimetoroka, Kizito wa Baraka atashika cherehani. Amekwisha kukubali, tena kwa haraka isiyonipendeza.

Na kama mhuri wako unaheshimika pia Kavimvira, nikaenda Bujumbura badala ya Makobola, sitanung'unika.

Niko tayari kufika ofisini kwako kujieleza, mradi unitumie mtu wa kunisindikiza, maana nikionekana natembea, watu hupiga yowe. Nisalimie Franck, ambaye sina chuki naye ila kwa saa zile anazokuwa hewani. Wasalimie mafundi wa mitambo, mlinzi wa lango, mama wa nyumbani kwako na watoto, na yeyote mwingine ambaye bado anaamini kwamba nipo. Mama mkwe anakusalimu kupitia ukutani. Kizito wa Baraka anakusalimu pia, na anauliza kama Jumamosi anaweza kupata nafasi awasalimie watu wake.

Mimi, mtii wako, ambaye hata sasa anaandika akiwa amekaa,

Kizito Ndayisenga,
mume wa Noella.

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Franck alipoupiga. Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Mama mkwe, bila kunitazama, akaisukuma redio mpaka ukingoni mwa dirisha, upande wangu, na akaongeza sauti. Kizito wa Baraka akaweka mkasi chini. Tukausikiliza wote watatu mpaka mwisho, na hata pale kwenye ubeti wa pili hakuna aliyekohoa.

Tafadhali usiusimamishe. Nyumba hii haina sauti nyingine ya Noella kwa sasa ila hiyo yako. Nakuomba uyachane malalamiko yangu, la kwanza hadi la nane, na Damien asiambiwe kitu.

Nina ombi dogo tu badala yake. Mchana Noella hulala, kwa kuwa huimba usiku. Uupige jioni, wakati anavaa gauni, maana ameniambia hotelini wanaipata redio yako vizuri. Pale anaposema "Kizito", Franck aseme juu yake, kwa sauti kubwa, "Noella". Lile neno jingine mliache kama lilivyo, kwa maana yake ya hapa Uvira. Nimelifikiria sana siku hizi, naona watu wa Uvira wanalisema vizuri.

Jana jioni nilishuka ziwani. Taa za Bujumbura zilikuwa zimewaka, unaziona zote kutoka huku. Nikajaribu kuuimba mwenyewe. Kulikuwa na wanawake wanaosuuza sufuria hapo karibu, hata hawakuinua vichwa. Sauti yangu haifiki, Ndugu Mkurugenzi. Yenu inafika.